Mwalimu Nyerere na rafiki zake wa Kariakoo

Ukipita Kaloleni hapa Arusha utaliona jengo la Makumbusho ya Azimio. Wengi tunalijua kwa mwaka 1967 na Ujamaa. Lakini Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki wa misa za asubuhi, asingefika hapo bila watu waliokuwa wakiswali msikitini.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Chifu Burito wa Wazanaki, hakuwa Mkristo. Ukristo kijana aliuchagua mwenyewe, akabatizwa 1943 akiwa na miaka 21. Yaani kuishi na wa imani nyingine alianzia nyumbani kwao.

Aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 akawa mwalimu katika shule ya Wakatoliki, Pugu. Kariakoo ya wakati ule ilikuwa ya Waislamu hasa, naye ni mgeni wa kutoka bara. Mmoja wa waliompokea ni Abdulwahid Sykes, kiongozi wa chama cha TAA.

Aprili 1953, Ukumbi wa Arnautoglu, wawili hao wakagombea urais wa chama. Nyerere akashinda. Sykes wala hakununa, akawa makamu wake. Hapo ndipo mimi naona urafiki wenyewe, maana siku hizi mtu akishindwa kura anahama chama.

Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa lelemama, akaingiza akina mama kwa wingi. Mwaka uliofuata Mwalimu akatakiwa achague ualimu au siasa. Akaacha mshahara, na wenzake hao wa mjini wakamshika mkono.

Mambo hayakubaki matamu. Mwaka 1968 serikali yake ilipiga marufuku EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, na Sheikh Hassan bin Ameir, aliyekuwa naye tangu enzi za TAA, akarudishwa Zanzibar. Mwaka huohuo Sykes akafariki. Hadi leo wapo Waislamu wanaolalamika kwamba wazee wao wamesahauliwa kwenye historia ya uhuru, na ukifungua vitabu vya shule utaona wana hoja.

Mwaka 1985 alimwachia urais Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu. Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa hapahapa Arusha, kupatanisha Warundi. Alifariki London, Oktoba 14, 1999, kabla mkataba haujasainiwa.