Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Mwaka jana kabla ya mtihani nilishikwa na hofu kubwa. Usiku sikupata usingizi, moyo ulinidunda, na nikifungua kitabu sikuelewa hata neno moja. Niliona haya kumwambia mtu, maana nilidhani hofu ya namna hiyo ni ya watu dhaifu tu. Ndipo niliposoma maisha ya Michael Faraday.

Bwana huyu alizaliwa London, Uingereza, tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mgonjwa, na nyumbani shida haikwisha. Michael alisoma shule kidogo tu. Alipopata miaka 14 alitiwa kazini kwa fundi wa kujalidi vitabu, akakaa huko miaka 7. Vitabu vingi alivyopewa kuvijalidi alivisoma pia, na humo ndimo alimokutana na habari za umeme.

Katika mwaka wa 1812 alipewa tikiti za kwenda kusikiliza mafundisho ya Humphry Davy, bingwa wa kemia. Aliyaandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea Davy. Basi Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi katika Royal Institution, mahali alipofanya kazi karibu maisha yake yote.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia nyaya upande huu na upande huu. Alipopitisha umeme katika waya wa kwanza, sindano iliyokuwa karibu na waya wa pili ilitikisika mara moja, kisha ikatulia. Alipoukata umeme, ikatikisika tena. Sisi nasi tumejaribu jambo kama hilo katika maabara yetu. Sumaku ikikaa kimya ndani ya waya uliozungushwa, mshale wa mita haujongei. Uisukume au uivute, mara mshale unaruka. Yaani nguvu ya sumaku inapobadilika ndipo umeme unapozaliwa.

Lakini nataka mjue na upande wa pili wa maisha yake. Karibu na mwaka wa 1840 kichwa chake kilimshinda. Alipatwa na kizunguzungu, akasahau mambo, akachoka kabisa. Ilimlazimu kupunguza kazi, na mwaka wa 1841 akaenda Uswisi pamoja na mke wake ili apumzike. Hata hivyo hakuwa amekwisha. Mwaka wa 1845 alivumbua kwamba sumaku yaweza kugeuza upande ambao mwanga hutetemekea. Usahaulifu ulimsumbua mpaka uzee wake, naye akafa tarehe 25 Agosti 1867.

Sasa tazameni ajabu. Mwaka wa 1985, katika mji wa Sheffield, Anthony Barker na wenzake waliweka waya uliozungushwa juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme kwa nukta ndogo sana. Nguvu ya sumaku ikapenya fuvu bila kisu, ikazaa umeme mdogo ndani ya ubongo, na mkono wa mtu yule ukatikisika. Ni kanuni ile ile ya Faraday. Mwaka wa 2008 Marekani iliruhusu mashine za namna hiyo kutibu ugonjwa wa huzuni kubwa, na mwaka wa 2018 ugonjwa wa mawazo yanayomlazimisha mtu kurudia jambo lile lile, kama kunawa mikono bila kukoma. Kwa magonjwa mengine ya hofu, waganga wangali wakipima kama inafaa. Basi mtu ambaye kichwa chake kilimtesa ndiye aliyeacha maarifa ya kusaidia vichwa vya wengine.

Mimi sikuhitaji mashine. Nilikwenda kwa mwalimu wangu, nikamweleza yote. Hakunicheka. Alinipangia saa za kusoma na saa za kulala, akaniita kila jioni kuniuliza hali. Mtihani niliufanya, ingawa mikono ilitetemeka kidogo.

Ndugu zangu, mwenye homa hujulisha wenziwe. Mwenye hofu naye na ajulishe.