Mtu aliyekunywa maji mazito: maisha ya George de Hevesy

Mama, huenda siku moja ukaombwa kliniki ushiriki utafiti wa kunyonyesha, ukapewa maji kidogo yanayoitwa maji mazito. Ukiogopa, nakuelewa. Basi mjue mtu aliyeyanywa kabla yako.

Alikuwa nani?

George de Hevesy alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1885. Alisomea kemia. Alipokuwa kijana anafanya kazi Manchester, Uingereza, husimuliwa kwamba alimshuku mama mwenye nyumba kuwa anawapikia tena mabaki ya chakula. Akatia chembe za mnururisho kwenye mabaki yake. Siku chache baadaye kifaa chake kikazigundua ndani ya chakula kipya. Huo ndio ulikuwa msingi wa kazi yake: weka alama, kisha ifuatilie inakokwenda.

Maji mazito ni nini?

Mwaka 1931 Mmarekani Harold Urey aligundua deuteri, yaani hidrojeni yenye uzito takriban mara mbili ya ile ya kawaida. Haina mnururisho. Imo kidogo sana katika maji yote tunayokunywa.

Urey alimpatia Hevesy maji yaliyoongezwa deuteri. Mwaka 1934 Hevesy na mwenzake Erich Hofer walipima jinsi maji hayo yanavyotoka mwilini kwa njia ya mkojo. Waligundua kwamba tone la maji hukaa mwilini kwa wastani wa siku 13 hivi.

Vita vilimkuta Denmark, naye alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1943 alikimbilia Sweden. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka huo, akafariki mwaka 1966.

Inakuhusu vipi wewe?

Wamama wengi huniambia maziwa yao hayatoshi, kisha wanaanza kumpa mtoto maji au uji kabla ya miezi sita. Kwa njia ya Hevesy, watafiti hupima maziwa bila kuyakamua. Mama hunywa gramu 30 za maji mazito mara moja tu. Kwa siku 14 huchukuliwa mate kidogo ya mama na ya mtoto. Deuteri humfikia mtoto kupitia maziwa, hivyo hesabu huonyesha amenyonya kiasi gani, na kama amepewa maji mengine. Wamama wa Pokot, Kenya, wameshapimwa hivyo.

Maabara za dawa nazo hutumia deuteri. Dawa iliyowekwa deuteri huongezwa kwa kiasi kinachojulikana kwenye sampuli ya damu au maziwa. Mashine huitofautisha kwa uzito wake, na kwa kulinganisha hupatikana kiasi halisi cha dawa uliyomeza. Hivyo ndivyo tunavyoweza kujua dawa ipi inaingia kwenye maziwa, na kwa kiasi gani.

Kumbuka

- Ukiombwa kushiriki utafiti, uliza lengo lake, na nani aliyeuidhinisha. Una haki ya kukataa, na huduma yako haitakiwi kupungua.
- Huhitaji maabara kujua kama mtoto anashiba. Baada ya wiki ya kwanza, akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na uzito ukipanda kwenye kadi, maziwa yanatosha.
- Ukiwa na shaka, usianze kumpa maji. Njoo kliniki kwanza, tumpime.