Harry Brearley: Mwosha chupa aliyeishinda kutu

Katika shehena ya vyombo vya nyumbani inayovuka mpaka, ni nadra kukosa visu au sufuria za stenlesi. Mtu anayetajwa zaidi kwa chuma hicho ni Harry Brearley, aliyezaliwa mwaka 1871 mjini Sheffield, Uingereza.

Baba yake alikuwa kibarua wa tanuri la chuma, na nyumbani kulikuwa na dhiki. Harry aliacha shule akiwa na miaka 12, akaajiriwa kuosha chupa katika maabara ya kampuni ya Thomas Firth and Sons. Alijisomea jioni hadi akawa mtaalamu wa kupima chuma na mkuu wa maabara ya utafiti.

Mwaka 1912 alipewa kazi ya kutafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Agosti 1913 aliyeyusha chuma chenye kromiamu karibu asilimia 13. Asidi ya maabara ilishindwa kukila. Siki na maji ya limau pia. Brearley, mtoto wa mji wa wafua visu, akaona soko lake ni mezani.

Siri iko juu ya uso wa chuma. Kromiamu ikikutana na oksijeni hufanya utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache, mwembamba mno kuonekana kwa macho. Ukikwaruzwa, hujiziba wenyewe. Lakini una kasoro: penye uchafu wa salfa ndani ya chuma huwa dhaifu, na chumvi hupenya hapo ikachimba vishimo. Ndiyo maana mzigo uliolowa maji ya bahari huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa kabla ya kuwekwa ghalani.

Sifa zilileta ugomvi. Brearley na waajiri wake hawakuelewana kuhusu haki ya ugunduzi, naye akaondoka mwaka 1915. Mwaka uliofuata alipata hataza Marekani. Wajerumani wa Krupp nao walikuwa wamesajili chuma cha aina hiyo mwaka 1912, hivyo hakuwa peke yake; yeye ndiye aliyekipeleka kwa wafua visu.

Mwaka 1941 alianzisha mfuko wa hisani. Alifariki mwaka 1948, akiwa na miaka 77.