Apolo Kivebulaya: Kanoni aliyeishi kwa jembe lake

ZAIDI ya miaka 90 imepita tangu Kanoni Apolo Kivebulaya alipofariki dunia huko Mboga, mashariki mwa Congo, Mei 30, 1933. Hata hivyo, jina lake lingali linatajwa kwa heshima katika Kanisa la Anglikana la Uganda na la Congo, ingawa mwenyewe hakuitafuta heshima hiyo.

Kivebulaya alizaliwa Buganda katika miaka ya 1860. Kwa kuwa alikuwa pacha, aliitwa Waswa. Ujanani alikuwa askari, hadi alipobatizwa mwaka 1895 na kupewa jina la Apolo. Jina la Kivebulaya, ambalo kwa Kiganda lina maana ya kitu kilichotoka Ulaya, lilianza kama utani wa watu waliozoea kumwona amevaa koti jekundu la kijeshi juu ya kanzu nyeupe.

Baada ya kubatizwa alipelekwa Toro kuwa mwalimu wa dini. Wakati huo walimu wawili Waganda walikuwa wamelazimika kuondoka Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, baada ya mtawala wa huko, Tabaro, kuwanyima chakula. Apolo alijitolea kwenda kushika nafasi yao, akafika mwishoni mwa mwaka 1896. Ili asimtegemee mtu, alishika jembe akalima chakula chake.

Unyenyekevu huo haukumwepusha na mateso. Alipigwa na kanisa lake likachomwa moto. Dada yake Tabaro alipokufa kwa kuangukia mkuki uliokuwa majanini, Apolo alishitakiwa kwa mauaji, akapelekwa Toro na kutiwa gerezani. Akiwa humo aliona maono ya Yesu akimtaka aendelee kuhubiri. Alipoachiwa, alirudi kwa watu wale wale waliomtesa. Tabaro mwenyewe alikuja kubatizwa, akaitwa Paulo.

Mwaka 1900 Apolo alifanywa shemasi na mwaka 1903 akapata daraja la ukasisi. Alitumwa kufanya kazi Toro kwa miaka mingi, lakini moyo wake ulibaki Mboga, ambayo mpaka mpya wa wakoloni uliiacha ndani ya Congo ya Wabelgiji. Huko alirejea. Hakuoa, na nyumba yake ikawa makao ya watoto aliowalea na kuwafundisha.

Kuanzia mwaka 1921, akiwa na umri wa karibu miaka 60, aliingia katika msitu wa Ituri kuwahubiria Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao. Alijifunza lugha yao na kuitafsiri Injili ya Marko. Mwaka 1922 Kanisa lilimtunuku cheo cha kanoni. Cheo hicho hakikumtoa msituni kumpeleka mjini.

Alipokaribia kufa, aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kinyume cha desturi ya kwao. Magharibi ndiko ulikokuwa msitu na ndiko kazi ilikobaki. Hakuagiza sifa wala ukumbusho.

Kazi hiyo iliendelea. Mwaka 1972 Boga, kama Mboga inavyoitwa sasa, ilifanywa makao ya dayosisi. Mwaka 1992 Waanglikana wa nchi hiyo, iliyoitwa Zaire wakati huo, walipata jimbo lao wenyewe, ambalo chimbuko lake ni shamba la mwalimu yule aliyenyimwa chakula.