REMBRANDT: MCHORAJI ALIYEKIPA UHAI KIKOSI CHA KAPTENI COCQ

Miongoni mwa watu ambao majina yao yamelishinda kaburi, Rembrandt van Rijn wa Uholanzi anastahili kujulikana na kila avaaye sare. Hakupata kuwa askari, wala hakuamuru kikosi chochote vitani. Hata hivyo, picha yake iliyo mashuhuri kupita zote ni picha ya kikosi, nayo alilipwa na askari wenyewe ili aichore. Katika makala haya tutaeleza maisha yake, na hasa jinsi alivyozitenda kazi zake za aina mbili: picha alizoagizwa na watu waliolipa, na picha alizochora kwa hiari ya moyo wake.

KUZALIWA NA MAFUNZO

Rembrandt alizaliwa tarehe 15 Julai, 1606, katika mji wa Leiden. Baba yake alikuwa msagaji mwenye kinu cha kimea, na mama yake alikuwa binti wa mwoka mikate. Wazazi walimpeleka katika shule ya Kilatini, na mwaka 1620 jina lake likaandikishwa katika chuo kikuu cha mji huo. Lakini kijana huyo alivutwa na burashi kuliko vitabu. Alitumikia ukurutu wake wa miaka kama mitatu chini ya mchoraji Jacob van Swanenburgh, kisha akakaa miezi sita Amsterdam kwa Pieter Lastman. Katika karakana za wakati ule, kama ilivyo jeshini, mwanafunzi alianzia chini: kusaga rangi juu ya jiwe, kuandaa mbao na vitambaa, na kusafisha vyombo vya mwalimu.

Yapata mwaka 1631 alihamia Amsterdam, mji uliokuwa umetajirika kwa biashara ya bahari, akafanya kazi pamoja na Hendrick Uylenburgh, mfanyabiashara aliyepokea maagizo ya picha kutoka kwa matajiri. Mwaka 1632 chama cha madaktari wapasuaji kilimwagiza amchore Daktari Tulp akifundisha juu ya maiti ya mwizi aliyenyongwa. Wachoraji wengine walizoea kuwapanga watu wa namna hiyo kama sahani kabatini. Rembrandt aliwachora wakiinama, wakitazama, wakishangaa. Alikuwa na umri wa miaka 26 tu, na tangu siku hizo maagizo hayakumpungukia. Mwaka 1634 alimwoa Saskia, ndugu wa Uylenburgh, na mwaka 1639 wakanunua nyumba kubwa kwa gilda 13,000, deni ambalo lingemwandama kwa miaka mingi.

JINSI PICHA YA KUAGIZWA ILIVYOTENGENEZWA

Yafaa tuieleze kazi yenyewe, maana wengi huona picha iliyokwisha na kudhani ilishuka kama mvua. Kwanza kitambaa cha kitani kiliwambwa kwenye fremu ya mbao, kikapakwa gundi, kisha tabaka la msingi la rangi ya kijivu au ya hudhurungi. Juu ya tabaka hilo Rembrandt alichora mpango mzima wa picha kwa rangi moja iliyofifia, akiamua mahali pa mwanga na mahali pa kivuli. Baada ya hapo alipaka rangi akitoka nyuma kuja mbele: ukuta kwanza, kisha watu wa nyuma, na mwisho wale wa mbele.

Rangi zake hazikuwa nyingi. Zilikuwa udongo wa manjano, udongo mwekundu, mifupa iliyochomwa ikawa nyeusi, na weupe uliotokana na risasi, madini yale yale yaliyotengenezewa vidonge vya bunduki. Vyote vilisagwa na kuchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Penye kivuli aliipaka rangi nyembamba. Penye mwanga aliirundika hata ikainuka juu ya kitambaa kama udongo wa kukandikia. Ndiyo sababu dhahabu katika picha zake hung'aa ijapokuwa hakuna dhahabu ndani yake.

Aliyeagiza picha alikaa mbele ya mchoraji kwa ajili ya uso na mikono. Mavazi, kwa desturi ya wakati ule, yangeweza kuachwa karakanani yakachorwa mwenyewe asipokuwapo. Malipo ya mwanzo yalitolewa mapema, na salio picha ilipokamilika. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa mara nyingine. Mwaka 1654 mfanyabiashara mmoja, Diego d'Andrada, alilalamika mbele ya mthibitishaji wa mikataba kwamba picha ya msichana aliyoiagiza haikufanana naye, akataka irekebishwe upesi au arudishiwe gilda 75 alizotanguliza. Rembrandt alijibu kwamba hataigusa mpaka alipwe salio lake. Akishalipwa ataimaliza, na wakuu wa chama cha wachoraji ndio watakaoamua kama inafanana au haifanani. Tunaona hapa mtu aliyekubali kuhukumiwa na wenye ujuzi, lakini hakukubali kuamriwa na mwenye mfuko.

KIKOSI CHATOKA NJE

Amsterdam ililindwa na vikosi vya mgambo vya raia wenye mali. Vikosi vya wenye bunduki vilijenga ukumbi mpya, vikaagiza picha kubwa za kuupamba kutoka kwa wachoraji mbalimbali. Rembrandt alipewa kikosi cha Kapteni Frans Banninck Cocq na Luteni wake Willem van Ruytenburch, akaikamilisha kazi mwaka 1642. Kwa ushahidi uliotolewa baadaye, kila askari alilipa wastani wa gilda 100, mwingine zaidi na mwingine pungufu kulingana na nafasi aliyopewa katika picha.

Sisi tuliopita katika chuo cha makadeti twaijua vema picha ya kumaliza kozi. Wakubwa huketi mbele, wadogo husimama nyuma, mikono juu ya magoti, macho mbele, wala hakuna apumuaye. Mgambo wa Amsterdam nao walizoea kuchorwa hivyo. Rembrandt aliuvunja mstari huo. Alikichora kikosi katika dakika ile amri inapotolewa na watu wanaanza kutoka. Kapteni, mwenye mavazi meusi na mshipi mwekundu, anasema huku amenyosha mkono, na kivuli cha mkono huo kinaangukia vazi la manjano la luteni wake. Mshika bendera anaiinua bendera. Mpiga ngoma yu tayari. Mbwa anabweka. Askari mmoja anashindilia baruti katika bunduki yake ya mrao, mwingine anafyatua, na wa tatu anapuliza mabaki ya baruti. Yaani hatua tatu za matumizi ya silaha hiyo zimo katika picha moja. Katikati yao ametokea msichana mwenye vazi la manjano, na kuku amening'inia kiunoni pake, kwa kuwa kucha za ndege zilikuwa alama ya wenye bunduki hao.

Wako waliolipa ambao nyuso zao ziko kivulini au zimezibwa nusu na mkono wa mwenzao. Hilo limewafanya watu kusimulia kwamba kikosi kiliikataa picha na kwamba mchoraji akaanguka kwa sababu hiyo. La hasha. Picha ilitundikwa ukumbini, na kapteni mwenyewe aliweka nakala yake katika kitabu cha kumbukumbu za jamii yake. Majina 18 yaliongezwa baadaye kwenye ngao iliyochorwa ukutani. Jina la Zamu ya Usiku nalo si la Rembrandt. Lilizuka baadaye, vanishi ilipokuwa imetiwa giza na uzee. Kikosi kinatoka mchana.

KUFILISIKA NA KAZI ZA HIARI

Mwaka huo huo wa 1642 Saskia alifariki, akaacha mtoto mmoja, Titus, baada ya watatu kuwatangulia kaburini. Rembrandt aliendelea kununua silaha, kofia za chuma, mavazi ya kale na picha za wengine kuliko uwezo wake, na deni la nyumba halikulipika. Mwaka 1656 alifilisika. Makarani waliingia nyumbani wakaandika orodha ya mali yenye vifungu 363, na vyote vikapelekwa mnadani. Mwaka 1658 nyumba nayo iliuzwa. Mwaka 1660 Titus na Hendrickje Stoffels, mwanamke aliyeishi na Rembrandt, walianzisha biashara ya picha na kumfanya yeye kuwa mtumishi wao, ili wadai wasinyang'anye kila alichokitengeneza.

Katika mwaka ule nyumba yake ilipouzwa, alijichora mwenyewe ameketi kama mfalme, vazi la dhahabu kifuani na fimbo mkononi. Hakuna aliyeiagiza. Maisha yake yote alijitazama katika kioo na kujichora: picha zaidi ya 30 za mafuta, na nyingine kwa kalamu au kwa sindano juu ya bamba la shaba. Alipokuwa kijana alifanya hivyo ili ajifunze jinsi uso ucheavyo na ukasirikavyo, kwa kuwa uso wake haukudai ujira. Alipozeeka, aliandika makunyanzi, pua nene na macho yaliyochoka bila kujionea huruma.

Ukweli huo huo aliupeleka hata kwa wakubwa. Mnamo 1661 aliagizwa kuchora, kwa ajili ya jumba jipya la mji, njama ya Claudius Civilis, shujaa wa kale aliyewaasi Warumi baada ya kulitumikia jeshi lao. Civilis alikuwa na chongo, na wengine walimchora ubavu ili kulificha. Rembrandt alimgeuza mbele, jicho bovu likaonekana. Picha ilitundikwa, kisha mwaka 1662 ikaondolewa. Aliikata ikawa ndogo, na leo kipande hicho kiko Stockholm. Mwaka huo huo aliwachora wakaguzi wa nguo wa Amsterdam, na uchunguzi wa eksirei umeonyesha kwamba alimhamisha mtumishi wao mahali zaidi ya pamoja mpaka aliporidhika.

Hendrickje alifariki mwaka 1663, Titus mwaka 1668. Rembrandt aliwafuata tarehe 4 Oktoba, 1669, akazikwa katika kaburi la kukodi. Mwaka huo wa mwisho alikuwa angali akijichora.

ULINZI WA PICHA

Picha ya kikosi nayo imepata majeraha. Mwaka 1715 ilihamishiwa jumba la mji na kukatwa pande zote ili itoshe ukutani. Watu wawili wa upande wa kushoto wakapotea. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia iliondolewa na kufichwa, ikarudi mwaka 1945. Mwaka 1975 mtu mmoja aliikata kwa kisu, na mwaka 1990 mwingine akaimwagia asidi. Walinzi waliwahi kwa maji, na dawa haikufika chini ya vanishi. Tangu mwaka 2019 wataalamu wamekuwa wakiichunguza kwa mashine, na chini ya rangi wameuona mchoro wa kwanza: manyoya katika kofia ya askari mmoja, ambayo Rembrandt aliyapaka kisha akayafuta.

Yeyote miongoni mwetu atakayepelekwa Ulaya kwa mafunzo na kufika Amsterdam, aingie katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, asimame mbele ya kikosi hicho. Asiishie kwa kapteni na luteni wanaong'aa mbele. Awatafute na wale wa nyuma, waliolipa wakapewa kivuli. Hao nao wanatembea.