Walter Rodney: Mtoto wa Fundi Cherehani na Elimu ya Wachache

Mwanachuo anayejiandaa kuwa mwalimu wa shule ya msingi husoma mengi juu ya namna ya kufundisha somo. Ni nadra kusoma juu ya kile ambacho shule yenyewe humtendea mtoto. Maisha ya utoto na masomo ya Walter Rodney yanatufaa sana kwa ajili hiyo. Ndugu huyu anakumbukwa nchini mwetu kama mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko kwao Guyana anakumbukwa pia kama mwanasiasa aliyeuawa kwa bomu mjini Georgetown tarehe 13 Juni, 1980, akiwa na umri wa miaka 38.

Rodney alizaliwa Georgetown tarehe 23 Machi, 1942, nchi hiyo ilipokuwa koloni la Waingereza. Guyana imo katika bara la Amerika ya Kusini, lakini kwa historia yake huhesabiwa pamoja na visiwa vya Karibi. Wengi wa wananchi wake ni wazawa wa Waafrika waliouzwa utumwani na wa Wahindi walioletwa kwa mikataba ya kazi; wote waliletwa kwa ajili ya mashamba ya miwa. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mama yake naye alishona nguo.

Mwaka 1950 kiliundwa chama cha People's Progressive Party chini ya uongozi wa Cheddi Jagan, na baba yake Walter alikiunga mkono tangu mwanzo. Uchaguzi wa mwaka 1953, wa kwanza ambamo watu wazima wote waliruhusiwa kupiga kura, ulimkuta Walter akiwa mtoto wa miaka 11 anayegawa karatasi za chama. Chama kilishinda. Lakini baada ya miezi michache Uingereza ilileta majeshi, ikasimamisha katiba na kuiondoa serikali iliyochaguliwa. Hilo lilikuwa somo la siasa ambalo mtoto hakulipata darasani.

Wakati huohuo alipata nafasi ya kulipiwa masomo katika Queen's College, shule ya sekondari ya wavulana iliyosifika sana nchini. Shule ya namna hiyo ilikuwa hasa ya watoto wa wenye mali na vyeo. Nafasi za kulipiwa ziliwafungulia mlango wachache tu miongoni mwa watoto wa wanyonge. Walter alifaulu masomo yake, akang'ara pia katika midahalo na riadha. Mitihani ilitoka Uingereza, kama ilivyokuwa kwa wanafunzi wa Tabora na Pugu wakati wa ukoloni.

Hapa pana hatari ambayo mwalimu hana budi kuitambua. Shule inayomchagua mmoja na kuwaacha wengi humfundisha huyo mmoja, hata bila kutamka, kwamba kufaulu ni kuwaacha watu wake. Mwalimu Nyerere aliieleza hatari hiyo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Rodney naye angeweza kuwa msomi wa namna hiyo, kwani kila mtihani ulimpeleka mbali zaidi na cherehani ya baba yake. Mwaka 1960 alikwenda kusoma historia katika chuo kikuu cha Mona, Jamaica, akahitimu mwaka 1963 kwa daraja la kwanza. Kisha akaenda London, akapata shahada ya udaktari mwaka 1966.

Lakini tazameni alichokichagua kukichunguza huko London: biashara ya watumwa katika pwani ya Guinea, yaani chanzo cha safari ya mababu zake. Ili aweze kusoma nyaraka za biashara hiyo alijifunza Kireno na Kihispania. Mwaka 1966 alikuja kufundisha Dar es Salaam. Aliporudi Jamaica mwaka 1968, alifundisha chuoni na pia aliketi na maskini wa Kingston kuzungumza nao juu ya historia ya Afrika. Serikali ikampiga marufuku mwezi Oktoba mwaka huohuo. Alirejea Dar es Salaam, akakaa kuanzia 1969 hadi 1974, na kitabu chake mashuhuri juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972, hapa nchini na Tanzania Publishing House. Baadaye, huko Guyana, aliandika hata vitabu vya watoto vinavyoeleza jinsi Mwafrika na Mhindi walivyofika nchini humo.

Je, mwanachuo atakayepangiwa shule ya Iramba, Manyoni au Ikungi afanye nini? Alipokuwa Tanzania, Rodney alichunguza pia habari za manamba wa mashamba ya mkonge. Somo hilo linaweza kufundishwa Singida bila gharama. Siku chache kabla ya kipindi, wape wanafunzi maswali ya kuwauliza wazee: Ni nani katika ukoo wetu aliyekwenda mkonge? Aliandikishwa vipi? Alirudi na nini? Darasani, majibu yaandikwe ubaoni, njia za safari zichorwe kwenye ramani, ndipo kitabu kifunguliwe. Mwanafunzi asiyejua kusoma vizuri, lakini ambaye babu yake anajua mengi, siku hiyo atakuwa na la kuwafundisha wenzake.

Mwalimu hawezi peke yake kuongeza nafasi za masomo. Lakini anaweza kufundisha kwa namna ambayo atakayechaguliwa asione haya kwa kazi ya baba yake, na watakaobaki wasijione kuwa wameshindwa. Anapoandaa somo, basi, ajiulize kama limewagusa wote waliomo darasani, au wale wawili watatu tu wanaonyosha mikono kila siku.