Robert Hooke: Aliyetuachia siri ya propela, asiyetuachia sura yake

Ukipita kwenye gereji zinazotengeneza maguta ya mizigo, zile pikipiki za magurudumu matatu zinazobeba saruji, ndizi na madumu ya maji, utawakuta mafundi wakihangaika na bomba moja la chuma lililolala chini ya bodi. Bomba hilo hutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu ya nyuma. Mafundi huliita propela. Kila ncha yake ina kiungo chenye msalaba mdogo wa chuma, yaani krosi, kinachoiwezesha propela kuendelea kuzunguka huku ekseli ikipanda na kushuka kwenye mashimo ya barabara.

Mara nyingi propela ya aina hiyo haipatikani dukani. Mtu anapoamua kuigeuza pikipiki ya kawaida iwe ya magurudumu matatu kwa kuifunga ekseli ya gari dogo, umbali kati ya injini na difu hutegemea kazi yake mwenyewe. Fundi hulazimika kutengeneza propela ya vipimo hivyo: kukata bomba, kukereza ncha zake na kuchomelea uma zinazoshika krosi. Akichomelea uma hizo mbili bila kuzilinganisha, chombo kitatetemeka hata kama kila kipande ni kipya.

Sababu ya mtetemo huo ilielezwa jijini London takriban miaka 350 iliyopita, na mtu ambaye hakuwahi kuona injini ya gari. Jina lake ni Robert Hooke. Leo tunayaangalia maisha yake, kazi yake, na jinsi alivyokaribia kufutika katika kumbukumbu za dunia.

Mtoto mgonjwa wa Kisiwa cha Wight

Hooke alizaliwa Julai 1635 katika kijiji cha Freshwater, kwenye Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Mtoto huyo alikuwa dhaifu na aliumwa kichwa mara kwa mara, kiasi kwamba masomo ya kawaida yalimshinda, akaachwa ajishughulishe na anachokipenda. Alichokipenda ni mashine. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuona saa ya shaba ikifunguliwa, naye akatengeneza ya kwake kwa mbao, ikafanya kazi.

Baba yake alifariki mwaka 1648, Hooke akiwa na umri wa miaka 13, akamwachia pauni 40. Kijana huyo alipelekwa London kujifunza uchoraji kwa msanii mashuhuri Peter Lely, lakini hakukaa muda mrefu. Alijiunga na shule ya Westminster, ambako hisabati ilimwingia kwa kasi iliyowashangaza walimu.

Huko ndiko umbo lake lilipobadilika. Kuanzia umri wa miaka 16 hivi mgongo wake ulianza kupinda, na ukaendelea kupinda hadi uzeeni. Mwenyewe aliamini kwamba chanzo ni saa nyingi alizoinama kwenye mashine ya kukerezea. Madaktari wa leo wanaweza kuwa na maelezo mengine, lakini imani yake hiyo inatuonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Kabla ya kuwa msomi, Hooke alikuwa fundi.

Mikono ya wengine

Mwaka 1653 alikwenda Chuo Kikuu cha Oxford. Kwa kuwa hakuwa na fedha, alisoma huku akiwafanyia kazi wenye nazo. Mmoja wao alikuwa Robert Boyle, mtoto wa tajiri mkubwa aliyependa sayansi. Boyle alihitaji pampu ya kuondoa hewa ndani ya chombo cha kioo. Hooke ndiye aliyemtengenezea iliyofanya kazi, lakini sheria ya hewa iliyotokana na majaribio hayo inaitwa hadi leo Sheria ya Boyle.

Novemba 1662 jumuiya mpya ya wanasayansi, Royal Society, ilimpa Hooke kazi ambayo haikuwahi kuwapo popote: kuandaa majaribio matatu au manne kwa ajili ya kila mkutano wa wiki. Leo ni darubini, kesho ni bawa la nzi, keshokutwa ni uzito wa hewa. Mishahara ilichelewa. Mfanyabiashara tajiri, Sir John Cutler, aliahidi kumlipa pauni 50 kwa mwaka ili atoe mihadhara, kisha hakulipa. Hooke alimfuatilia mahakamani kwa miaka mingi, na haki yake aliipata mwaka 1696, Cutler akiwa ameshafariki.

Hata hivyo kazi ilisonga. Mwaka 1665 alichapisha kitabu cha Micrographia, chenye michoro mikubwa ya viroboto, chawa na mimea kama alivyoviona kwenye hadubini. Alipotazama kipande cha kizibo aliona vyumba vidogo vilivyopangana, akavipa jina ambalo sayansi bado inalitumia kwa seli. Mwaka uliofuata moto uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000 za London. Hooke akawa miongoni mwa wapimaji walioteuliwa na jiji. Alitembea kwenye majivu akipima viwanja na kuamua mipaka iliyogombaniwa. Pamoja na rafiki yake Christopher Wren alisanifu mnara wa kumbukumbu ya moto huo, wenye urefu wa mita 61, ambao bado umesimama.

Msalaba kati ya uma mbili

Kiungo chenye msalaba hakikubuniwa na Hooke, na hili tulieleze wazi. Pete zinazobebana ili kukiacha kitu kikae sawa hata chombo kikiyumba zilijulikana tangu zamani. Katika karne ya 16 zilielezwa na Gerolamo Cardano, daktari na mwanahisabati wa Italia, ndiyo maana nchi nyingi za Ulaya huiita propela kwa jina lake, kadani. Mwaka 1664 mtawa wa Kijerumani, Gaspar Schott, alieleza kiungo cha kupeleka mzunguko kwenye kona, lakini alidhani kwamba kinachoingia na kinachotoka huzunguka kwa kasi ileile wakati wote.

Hooke alikipima, akaona sivyo. Yeye alikihitaji kwa ajili ya vifaa vya kutazama nyota na jua, ambako mzunguko wa saa ulitakiwa kufika kwenye kifaa kilichoinama. Katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1676 alikieleza kiungo hicho na kukipa jina linalotumika kwa Kiingereza hadi leo, lenye maana ya kiungo cha pande zote. Aligundua kwamba fimbo ya kwanza ikizunguka kwa kasi isiyobadilika, ya pili, iliyo kwenye pembe, huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Badala ya kukasirishwa na kasoro hiyo, aliona kwamba inafanana na mwendo wa kivuli kwenye saa ya jua, akaitumia.

Tuitazame kwa hesabu ya gereji. Propela ikiwa na pembe ya nyuzi 10, kasi inayotoka hupungua hadi asilimia 98.5 na kupanda hadi asilimia 101.5. Inaonekana ni kidogo. Lakini propela inayozunguka mara 2,000 kwa dakika itapata misukosuko 4,000 kwa dakika hiyohiyo. Pembe ikifika nyuzi 30, kasi huyumba kati ya asilimia 87 na 115 hivi. Hapo krosi huliwa, bearingi za difu hulia na abiria hutetemeka.

Miaka michache baadaye Hooke alipendekeza dawa: viungo viwili, kimoja kila ncha ya fimbo ya kati, vipangwe ili kosa la cha kwanza lifutwe na cha pili. Dawa hiyo ina masharti mawili, na ndiyo yanayomhusu fundi wa guta. La kwanza, uma mbili zilizochomelewa kwenye bomba la propela lazima zilale katika usawa mmoja. La pili, pembe ya kwenye giaboksi na pembe ya kwenye difu ziwe sawa. Uma moja ikigeuzwa robo mzunguko, makosa mawili hayafutani tena, bali hujumlishana. Wengi hukimbilia kubadilisha krosi, wakati ugonjwa uko kwenye uchomeleaji.

Yapo mengine ambayo fundi lazima ayafanye: kuweka sehemu yenye meno inayoteleza ili propela irefuke na kufupika ekseli inapocheza, kuhakikisha bomba halijapinda kwa joto la kuchomelea, na kulisawazisha uzito. Lakini hayo yote hayasaidii kama uma hazikulingana.

Katika maandishi yaleyale ya 1676 Hooke alificha ugunduzi mwingine kwa kuandika herufi zake zikiwa zimechanganywa, ili mtu asimwibie. Mwaka 1678 aliufumbua: springi huvutika kulingana na nguvu inayoivuta, uzito ukiongezwa mara mbili nayo hurefuka mara mbili. Hiyo ndiyo Sheria ya Hooke, inayofundishwa sekondari. Springi zinazobeba ekseli na propela inayoizungusha zinamrudia mtu mmoja.

Ugomvi na Newton

Kuficha herufi hakukuwa mzaha. Hooke aliishi akiogopa kuporwa mawazo, na hofu hiyo ilimfanya mkali. Mwaka 1672 aliikosoa vikali karatasi ya kijana Isaac Newton kuhusu mwanga, na Newton hakusahau. Mwaka 1679 waliandikiana kuhusu mwendo wa sayari, na Hooke akamweleza wazo kwamba nguvu ya mvutano hupungua kadiri umbali unavyozidishwa kwa wenyewe. Newton alipokamilisha kitabu chake kikuu, Principia, Hooke alidai atajwe kwa mchango huo. Newton alikasirika, akapunguza jina la Hooke kitabuni.

Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba Hooke alikuwa na wazo, lakini hesabu ya kulithibitisha ilikuwa ya Newton. Ndivyo maisha ya Hooke yalivyokuwa: mawazo mengi, muda mchache wa kuyamaliza, kwa kuwa wiki ijayo mkutano ulihitaji majaribio mapya.

Mwaka 1687 alifariki mpwa wake Grace, aliyekuwa akiishi naye. Waliomfahamu waliona kwamba tangu hapo alizidi kujitenga. Aliishi vyumba vyake vya Gresham College kwa kubana matumizi kama maskini. Mwishoni miguu ilivimba na macho yakakaribia kupofuka. Alifariki Machi 1703, akiwa na miaka 67. Katika vyumba vyake lilikutwa sanduku lenye zaidi ya pauni 8,000, utajiri mkubwa kwa wakati huo. Alikuwa akizungumzia kuijengea jumuiya yake ukumbi na maktaba, lakini hakuacha wosia uliotiwa saini.

Sura iliyopotea

Novemba mwaka huohuo Newton alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society. Mwaka 1704 akachapisha kitabu chake cha mwanga, alichokishikilia hadi mpinzani wake alipokufa. Mgeni wa Kijerumani aliyetembelea jumuiya hiyo mwaka 1710 aliandika kwamba alionyeshwa picha ya Hooke. Baada ya hapo picha hiyo haionekani tena. Wapo wanaomtuhumu Newton kuiharibu, ila hakuna ushahidi. Leo hatuna picha yake yenye uhakika, na kaburi lake halijulikani, kwani mifupa iliyozikwa kwenye kanisa alimolazwa ilihamishwa katika karne ya 19.

Kiungo chake kiliendelea na safari. Mwaka 1898 Mfaransa Louis Renault alitumia propela badala ya mnyororo kwenye gari lake dogo. Miaka michache baadaye Mmarekani Clarence Spicer alianza kutengeneza viungo hivyo kwa ajili ya magari, na mwaka 1923 BMW ilitoa pikipiki yake ya kwanza, R32, yenye propela.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, fundi anaweza kufanya jambo dogo. Alilaze bomba mezani, aziweke uma mbili kwa kushika kidogo tu, kisha afumbe jicho moja na kutazama kutoka ncha moja hadi nyingine. Matundu ya uma ya mbele na ya nyuma yakionekana katika mstari mmoja, achomelee. Yasipoonekana hivyo, azungushe kwanza. Huo ndio usawa aliotuonyesha Hooke, na kuuhakiki ni kazi ya dakika moja.